Mfuko wa Mungu, mfuko wa mzigo, mfuko wa nyumba

Maneno yaliyosomwa na sisi wafanyakazi wa uwanjani mbele ya mkutano mkuu wa chama, Baraka



Tulipewa dakika ishirini za kusema juu ya mwanamke mtumishi wa kanisa na biashara yake. Tunashukuru. Hatutahubiri, juu ya wahubiri wako wengi hapa na wanatushinda. Sisi kazi yetu ni kutembea kijiji kwa kijiji, kukaa na vikundi vya akiba, kufungua makaye na kuhesabu. Basi tutawaambia kile tulichokiona ndani ya makaye.

Na tuseme wazi tangu mwanzo kwa nini tunasema leo. Mchana huu mkutano utaamua juu ya pendekezo la kikundi kimoja: kwamba mama mwenye kazi kanisani, awe mke wa mchungaji, shemasi, kiongozi wa kwaya au wa maombi, asipewe tena mkopo wa AVEC, juu ya hao ndio wanaochelewesha malipo. Walioleta pendekezo si watu wa roho mbaya. Wamechoka, na pesa ni ya jasho lao. Sisi tumekuja kuwaomba mlikatae. Lakini hatukuja kusema kwamba hao wamama hawana kosa. Kosa lipo, na sehemu yake ni yetu sisi, na sehemu nyingine ni yenu ninyi mlioketi hapa. Tuvumiliane.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1996 vita ilipofika, wengi wetu tulivuka ziwa Tanganyika tukiwa watoto, tumeshika kikwembe cha mama. Tulikulia Nyarugusu na Lugufu. Kanisa tulilojua ni lile la udongo na shitingi. Na nani alilishika? Wamama. Wao ndio waliofagia, walioimba, waliokesha kwa wagonjwa, waliopokea wageni waliofika usiku. Walitumika kwa moyo wote, na hakuna aliyeuliza gharama, kwa sababu chakula kilitoka kwenye posho. Biashara kubwa hatukuweza kufanya. Kutoka nje ya kambi zaidi ya kilomita 4 bila kibali ilikuwa matatizo. Kutumika kulikula muda wa mama, basi. Mtaji hakukugusa, maana mtaji wenyewe haukuwepo.

Kuanzia 2005 meli zilianza kuturudisha. Tulishuka hapa Baraka na magodoro, masufuria na desturi zetu. Desturi moja ni hiyo: mama wa kanisa hafungi mlango, hasemi hapana, na hahesabu. Lakini hapa hakuna posho. Muhogo unalimwa, ndagala inanunuliwa, minervali inalipwa. Mlango ule ule uliokuwa wazi kule kambini, hapa unapitisha pesa nje. Desturi ni nzuri. Ila ilizaliwa mahali ambapo mtu mwingine alikuwa analipa.

Sasa tuwaambie juu ya mama mmoja. Jina lake hatulitaji, na ametupa ruhusa ya kusema. Ni mke wa mchungaji, upande wa kijiji kisicho mbali na hapa. Bwana wake hapati mshahara. Anapata matoleo, tena wakati wa mavuno. Yeye anaongoza wamama wa maombi. Watoto sita, na wawili wa marehemu dada yake. Anatengeneza sabuni ya mawese.

Kwa wafadhili wetu ambao hawajaiona kazi hiyo: unanunua mawese, unayeyusha kostiki ndani ya maji, unangoja ipoe, unachanganya, unakoroga, unamimina kwenye visanduku, unakata, unaacha ikauke kwa majuma kadhaa. Ukizidisha kostiki, inaunguza mikono ya watu. Ukipunguza, inabaki laini kama bugali. Sabuni haijui kama wewe ni mama mchungaji. Inajua kipimo tu.

Huyo mama alikuwa na akiba ya dola 40 ndani ya AVEC. Akakopa dola 80. Kanuni inaruhusu mkopo hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo hakuvunja kitu. Na ile akiba kikundi kilikuwa kimemgawia mwisho wa mzunguko, akaitia yote ndani ya mzigo. Jumla mtaji wa dola 120. Sabuni ilitoka nzuri, watu waliipenda. Baada ya miezi minne tukafika kwake, kisha tukakuta mtaji umebaki dola 22. Faida ilikuwa imelisha nyumba, hiyo ni sawa. Lakini mtaji wenyewe, dola 98, ulikwenda wapi?

Tukakaa chini ya mwembe na kaye yake. Alikuwa ameandika kila kitu, na penseli. Dola 15 zilikwenda kwa malaria ya mtoto. Dola 12 ni sabuni aliyotoa bure: ya kufua vitambaa vya kanisa, ya kupeleka kwa wagonjwa, ya mama aliyejifungua hana kitu. Dola 28 ni wageni wa kanisa na matanga mawili: mchele, ndagala, sukari, motari wa kuwarudisha. Na dola 43 ni madeni. Sabuni iliyochukuliwa, haijalipwa.

Tukamuuliza: mama, mbona hukudai?

Akatuangalia kama watoto. Akasema: “Wanangu, mimi nitamdai aje mtu niliyemuombea mtoto wake jana? Nikienda kwake na kaye, kesho atakuja kwenye maombi? Na asipokuja, nitakuwa nimeuza nini?”

Hatukuwa na jibu, na chuo hakikutufundisha jibu la swali hilo.

Hapa ndipo tunakiri kosa letu. Miezi mingi kabla ya hiyo siku, tulimfundisha yeye na wenzake somo la kutenganisha pesa ya biashara na pesa ya nyumba. Tulikuwa na kitabu chenye mfano wa duka la mjini, kabati ya vioo, mwenye duka na bendera ya bei. Aliinua mkono akauliza: “Na wageni wa kanisa wanaandikwa wapi?” Tukamjibu: hiyo si ya biashara, mama. Tukaendelea. Fishi yetu ilikuwa na sehemu tatu: mtaji, mauzo, faida. Swali lake halikuwa na mahali.

Tena tuliweka kikao cha AVEC Jumatano asubuhi, juu ya siku hiyo gari letu lilikuwa na nafasi. Jumatano asubuhi ni maombi ya wamama. Alikuwa anafika amechelewa, analipa faini, na sisi tukaandika kwenye ripoti kwamba nidhamu yake ni ndogo. Mama ambaye hajakosa maombi hata siku moja tangu tumefika kijijini, sisi tukamwita mtu asiye na nidhamu.

Wapendwa, kuna mwanamke katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4, ambaye wahubiri wetu wanampenda kwa sababu ya muujiza. Sisi tunampenda kwa sababu ya hesabu. Alikuwa mke wa mtumishi wa Mungu. Bwana wake alikufa akiacha deni, na mwenye kudai akaja kuchukua watoto wake wawili. Tuone vizuri: ni nyumba ya huduma, na ina deni. Huduma haikuizuia nyumba kuingia katika deni. Nabii hakumkemea, wala hakumchangia. Alimuuliza una nini nyumbani. Alikuwa na mafuta. Akaazima vyombo kwa majirani, akafunga mlango, akamimina. Halafu akapewa utaratibu: kauze, lipa deni lako, kisha kinachobaki mle wewe na watoto. Deni kwanza, nyumba baadaye. Na kabla ya yote, mlango ulifungwa. Hata muujiza ulikuwa na saa ya kufunga mlango.

Tulipomsomea huyo mama sura hiyo alicheka, akasema: “Kumbe hata yeye alikuwa wa mafuta kama mimi.” Tukaanza upya pale.

Tulichofanya si kikubwa. Alichukua makopo matatu ya maziwa ya unga. La kwanza ni la mzigo. La pili ni la nyumba. La tatu ni la huduma. Kila akiuza, kitu cha kwanza ni kurudisha ndani ya kopo la mzigo bei ya mawese, kostiki na usafiri, na kutoa sehemu ya deni la kikundi. Kinachobaki ndicho faida, na faida hiyo ndiyo inayogawanywa: nyingi kwa nyumba, kidogo kwa huduma. Fungu la kumi linatoka kwenye faida, halitoki kwenye mtaji. Hapo tulibishana sana. Yeye alikuwa anatoa fungu la kumi la pesa yote inayopita mkononi, hata ile ya kununulia mafuta. Aliuliza: je, si namuibia Mungu? Mzee mmoja wa kanisa, mkulima, ndiye aliyemjibu vizuri kuliko sisi: “Mama, mimi natoa muhogo niliovuna. Sitoi mbegu.”

Wageni wakifika na kopo la huduma lina kitu, wanapikiwa kutoka humo. Kopo likiwa tupu, wanakula kile nyumba inakula, sombe na bugali, na hakuna dhambi. Hilo lilimgharimu machozi. Mara ya kwanza kumpa mgeni wa mbali sombe bila samaki, hakulala. Asubuhi yule mgeni alimshukuru akaenda zake. Dunia haikuanguka.

Kwa madeni, tukapanga hivi: yeye hauzi tena uwanjani mwa kanisa, wala siku ya Bwana, wala baada ya maombi. Anayetaka sabuni aende sokoni kwenye meza. Pale mezani anakaa binti yake mkubwa, na ndiye anayeandika. Na kudai kunafanywa na katibu wa kikundi. Mama anaombea watu, mtu mwingine anadai. Mkono unaowekwa juu ya kichwa cha mgonjwa si mkono ule ule unaoshika kaye ya madeni.

Bwana wake naye alikaa kwenye kikao hicho, na tunamshukuru. Wengine bado wanatuambia kwamba mke hawezi kukopa bila mume kutia sahihi. Hapana. Kode ya Familia ya mwaka 1987 ilidai ruhusa ya mume, lakini sheria ya Julai 2016 iliyoirekebisha iliondoa ulazima huo. Mke ana haki yake. Ila haki ni kitu kimoja, na kopo mezani ni kitu kingine. Yule mchungaji alikuwa na kawaida ya kuchukua pesa ya sabuni wageni wakifika, bila kuuliza, kwa nia njema kabisa. Alituambia: “Mimi nilifikiri ile yote ni pesa ya nyumba.” Hakuna aliyekuwa amemwonyesha tofauti. Leo akitaka pesa ya wageni, anauliza kopo la tatu lina nini.

Jambo la mwisho lilikuwa kanisa lenyewe. Wamama walikwenda mbele ya baraza kuomba wageni wapokelewe kwa zamu, nyumba nne badala ya moja. Mzee mmoja akakasirika, akasema mnataka kugeuza kanisa kuwa projeti. Ilichukua miezi miwili. Mwishowe wakakubali. Ile nyumba ya mchungaji sasa inapokea wageni mara moja katika zamu nne.

Je, ilifaulu? Tutasema ukweli, juu ya wafadhili wamezoea kusikia mwisho mtamu. Kwa miezi mitano amelipa dola 52 za deni. Zinabaki 28. Katikati, baba mkwe wake alifariki, akafungua kopo la mzigo kwa ajili ya matanga, na majuma mawili hakukuwa na sabuni mezani. Alitueleza yeye mwenyewe, hakuficha. Na bado amechelewa kwa tarehe ya kikundi. Kwa hiyo walioandika pendekezo hawasemi uongo: jina lake liko kwenye orodha ya wachelewaji.

Lakini sasa turudi kwenye ile kaye. Anadaiwa na kikundi dola 28. Yeye anadai watu dola 43. Tumeangalia majina. Hatutayasoma. Wengine wako katika kikundi kile kile kilicholeta pendekezo. Wengine mko ndani ya chumba hiki, na sabuni yake mliogea. Pendekezo linasema huyu mama ni mdeni mbaya. Kaye inasema yeye ni benki yenu, benki isiyo na faida, isiyo na tarehe, na isiyoweza kudai kwa sababu inawaombea. Mkimtoa nje leo, mnamwadhibu kwa deni ambalo ninyi mmelifanya.

Na fikirini kitakachofuata. Mama akijua kwamba kazi ya kanisa inamfungia mkopo, ataacha moja kati ya hizo mbili. Akiacha biashara, watoto minane hawaendi shule. Akiacha huduma, nani atakesha kwa wagonjwa wenu? Mwaka 2020, mwezi wa nne, mto Mulongwe ulipofurika Uvira na kubeba nyumba na watu, tuliona nani alifungua milango usiku ule ule. Wamama wa makanisa walipika kabla misaada ya mashirika haijafika. Tunawatumia siku ya shida, halafu siku ya mkopo tunasema hawana nidhamu.

Kwa hiyo tunaleta maombi manne.

La kwanza: pendekezo la kuwafungia mikopo wamama watumishi likataliwe. Mchelewaji ahukumiwe kwa kaye yake, si kwa cheo chake kanisani. Na huruma pia isimpe mkopo ambaye kaye yake haionyeshi mtaji unarudi. Kanuni iwe moja kwa wote.

La pili: kila kikundi kichague siku yake ya kikao kwa kuangalia siku za maombi, za soko na za shamba. Gari letu litafuata. Hiyo ni ahadi yetu, na mtupige faini tukiivunja.

La tatu: deni la mwanachama kwa mwanachama mwenzake lidaiwe na komite, lisiachwe kwa mama peke yake. Na sanduku la mshikamano, lile tunalochangia kila kikao kwa magonjwa na matanga, lifanye kazi yake. Sanduku lipo, lina funguo tatu, lakini tunaona aibu kuliomba, tunakimbilia mtaji wa mama mmoja.

La nne ni kwa wafadhili. Tunawashukuru kwa kutusimamia miaka yote hii. Tunawaomba, kwenye fishi mnazotutumia, mtuachie sehemu ya nne pembeni ya mtaji, mauzo na faida: sehemu ya kuandika kile mama anachobeba kwa ajili ya wengine. Msipokiona, mtafikiri amekula mtaji. Na tafadhali, msiwagawie wamama watumishi vifaa vya bure mkidhani mnawasaidia. Kitu cha bure mkononi mwa mama mchungaji kinakuwa mali ya kanisa zima kabla jua halijazama. Mkopo mdogo wenye kanuni unampa neno la kujibu: “Hii si yangu, ni ya kikundi.” Neno hilo limemlinda kuliko semina zetu zote.

Tunamalizia na ombi moja ambalo halihitaji kura. Kabla ya saa ya chakula, kuna meza pale karibu na mlango. Katibu wa kikundi cha yule mama amekaa pale na kaye, na biki. Yeye mwenyewe mama hayupo; leo ni zamu yake ya kupokea wageni. Hakuna atakayeitwa kwa jina. Kila mtu anajua sabuni ngapi alichukua. Mwenye franga alipe kwa franga, mwenye kidogo alipe kidogo, asiye na kitu leo aandike tarehe.

Zikipatikana dola 28 pale mezani, mchana tutakapopiga kura hakutakuwa na mchelewaji wa kumzungumzia.

 Tuko tayari kwa maulizo.